Gavana Amekula, Mimi Bado

Mtaa mzima hapa Kiserian unajua sisi ni matajiri. Nani aliwaambia, sijui. Watu wanapita, wanaona vichwa viwili vya farasi vimechomoza juu ya ua wa mabati, basi, habari imeisha. Mama mboga akiniona, sukuma ya kumi inakuwa ya ishirini. Fundi wa mifereji alikuja kuangalia bomba tu, kuangalia, hakugusa kitu, akadai elfu mbili. Nikamwambia aah, bwana, punguza. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mtu wa farasi utashindwa na elfu mbili?"

Sasa na harambee je? Wacha tu. Kamati ya kanisa iliniletea kadi yenye riboni. Mgeni mheshimiwa, uje pamoja na marafiki zako. Marafiki gani? Marafiki zangu wote nimewakopa, wakiniona wanavuka barabara. Nikaenda peke yangu. Nikakalishwa jukwaani, kiti cha plastiki lakini kimevishwa kitambaa, soda mbili, maji ya chupa. MC akanitangaza: mfugaji mashuhuri wa farasi! Watu wakapiga makofi. Mfukoni nina mia mbili, na fare ya kurudi iko ndani ya hiyo mia mbili. Nilitoa yote. Nikarudi nyumbani kwa miguu, vumbi mpaka magotini, na walioniona njiani wakasifu ati matajiri siku hizi wanapenda mazoezi.

Farasi wenyewe si wangu. Ni wa baba mkwe. Mzee huyu amekuwa saisi maisha yake yote, amewatunza farasi wa mbio tangu akiwa kijana. Uwanja wa mbio wa Ngong uko pale tangu 1954, na ukimsikiliza akiusimulia utaapa ni yeye aliyechimba msingi. Mbio zenyewe zilianza nchini 1904. Hizo hakuziona, lakini anazisimulia vilevile. Wenzake walistaafu wakapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Yeye alistaafu na farasi. Unajua farasi wa mbio akipungua kasi hakuna anayetaka kumlisha, na miaka ya kuishi bado anayo tele, anaweza kufika ishirini na tano na zaidi. Mzee akawaonea huruma wawili. Halafu akatazama huku na huku nani ana kiwanja. Mimi nina nusu eka.

Utaniuliza kwa nini sikukataa. Jirani, mimi mahari sijamaliza. Kuna mbuzi bado wako kwenye daftari, na blanketi, na deni la mama mkwe ambalo halisemwi kwa sauti. Nikifungua mdomo nilalamike kuhusu farasi, mzee anakohoa. Kikohozi tu. Nawakumbuka wale mbuzi. Nafunga mdomo, nachukua ndoo.

Dume lilikuwa na jina refu la Kizungu la uwanjani, maneno matatu, hakuna aliyeweza kulitamka na chakula mdomoni. Watoto wakambatiza Gavana, kwa sababu anakula bajeti yote na kazi yake haionekani. Jike ni Susana. Susana ni mtaratibu, kazi yake ni kuniangalia nikifanya kosa.

Tuanze na chakula. Farasi wa kilo mia tano anataka kama kilo kumi za nyasi kavu kila siku. Huyo ni mmoja. Mimi nilidhani farasi anakula asubuhi, mchana na jioni. Kumbe tumbo lake ni dogo ukilinganisha na mwili, limeumbwa kupokea kidogo kidogo mchana kutwa na usiku pia. Kwa hivyo anakula saa kumi na moja alfajiri, anakula ukienda kazini, anakula ukirudi, na ukiamka usiku kwenda haja unasikia krach, krach, krach. Hiyo ni pesa yangu inatafunwa gizani. Beli moja ya boma rhodes ni mia tatu, na kiangazi kikikaza muuzaji hata simu hashiki. Kuna pumba juu. Kuna jiwe la chumvi la kulamba. Kuna karoti, ambazo mama watoto anazinunua kwa kilo na kuniambia wazi zisiguswe, si za pilau.

Maji nayo. Huku kwetu mfereji hutoa maji ukipenda, na haupendi. Tunanunua ya lori. Farasi mmoja akiwa na kiu anamaliza mitungi miwili ya lita ishirini kwa siku, jua likiwa kali anaongeza. Mimi naoga kwa beseni. Beseni la kunawia uso, jirani. Na nikimaliza yale maji yanahifadhiwa ya kupigia deki.

Halafu kuna adabu za kumkaribia. Farasi macho yake yako ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote kwa mpigo mmoja. Sehemu asizoona ni nyuma yake kabisa na hapa mbele ya paji na chini ya pua. Ukimtokea nyuma anapiga teke kwanza, utambulisho baadaye. Mzee akanifundisha: mwendee begani, na uongee naye ajue uko wapi. Niongee naye nini? Sisi hatuna habari za pamoja. Basi kila alfajiri nasimama gizani na gambuti zangu nasema, "Habari ya asubuhi, mheshimiwa." Ananipumulia usoni. Siku moja akanikanyaga. Hakuwa na hasira, alihamisha mguu tu, na mguu wangu ulikuwa hapo. Kilo zote zile. Nikamsukuma, hasikii. Nikamwomba. Nikamwita mheshimiwa. Mzee akatoka na kikombe chake cha chai, akatazama vizuri, akasema, "Kijana, umeweka mguu mahali pa farasi."

Mimi nina mvi, jirani. Mzee ananiita kijana. Gavana anamwita bwana.

Viatu usiniguse. Ukwato wa farasi unakua karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hivyo kila wiki sita, zikizidi sana nane, anakuja fundi kwa pikipiki na begi la tupa na koleo. Anainua mguu, anaukata, anaupiga tupa, anampigia Gavana viatu vipya vya mbele. Susana anatembea peku lakini naye lazima akatwe kucha. Fundi analipwa kwa mguu. Nikahesabu miguu. Minane. Mimi siku hiyo nimesimama pale nimeshika kamba, nimevaa akala, na kulia kamba ya kisigino imekatika nimeifunga kwa waya. Fundi akaitazama akala yangu, akatikisa kichwa, akaendelea na mteja wake. Mwaka ukizunguka anakuja daktari kuwapiga tupa meno, kwa sababu meno ya farasi hayaachi kuchomoza na kingo zake zinakuwa kali zinamkata shavu. Jino langu la nyuma linanisumbua tangu kabla ya uchaguzi. Nakunywa maji ya chumvi.

Chumvi yenyewe natoa kwa Susana.

Na kuna usubi. Hao wadudu wadogo, huwaoni, wanauma kuanzia jioni mpaka alfajiri, na ndio wanaoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika. Farasi wakiupata wengi hawaponi, dawa ya kuutibu hakuna. Kuna chanjo na kuna kumfungia ndani kabla jua halijazama, basi. Sasa sikiliza uonevu: pundamilia anaubeba mwilini ule ugonjwa na haumwi kitu. Na sisi tuko Kajiado, pundamilia si mgeni huku. Anakula nyasi za bure, haoshwi, hafungiwi, hana fundi wa viatu. Mama watoto aliposikia habari ya usubi, chandarua chetu cha kitandani kikaenda kwenye banda usiku uleule. Daktari akaja akasema matundu ya chandarua cha mbu ni makubwa, usubi anapita. Kikanunuliwa kingine, cha matundu madogo, bei usiniulize. Na kile chetu kikarudi? Kimefunika vitunguu. Nalala na mbu, nawasikia wananijadili.

Lakini yote hayo ni asali. Ngoja nikwambie usiku wa tumbo.

Farasi hawezi kutapika. Mungu alimpa mbio, akamnyima hilo. Kinachoingia kina njia moja ya kutoka, na njia yenyewe ni utumbo wa mita ishirini na kitu, una kona, una mahali pa kubana. Sasa watoto wa mtaa walikuwa wanamrushia Gavana magunzi ya mahindi kupitia uani, na Gavana hajawahi kukataa zawadi. Jioni hiyo hakula. Mimi nikafurahi, nikahesabu akiba. Mzee akamwangalia mara moja tu akaweka kikombe chini. Gavana anapara ardhi kwa mguu. Anageuza shingo anajitazama ubavu. Anataka kulala chini agaegae. Mzee akaweka sikio kwenye tumbo, upande huu, upande ule. Tumbo la farasi mzima linanguruma muda wote. La Gavana kimya.

Daktari akaja na gari, tayari nikajua bili ina mafuta ya gari. Akampiga sindano ya maumivu. Akapitisha mpira mrefu puani, ukashuka mpaka tumboni, akamimina mafuta kwa faneli, galoni nzima. Akasema asile kitu, mtembezeni polepole, na mniambie akipata choo. Nani atamtembeza? Mzee magoti yanamuuma. Mama watoto anashika tochi. Watoto kesho wana shule. Macho yote kwangu.

Basi nikatoka na Gavana saa saba usiku, mimi mbele na kamba, mama watoto nyuma na tochi imemulika chini ya mkia. Mbwa wa mtaa wote wakaamka. Tukapita dukani, tukapita kwa fundi cherehani, tukarudi. Hakuna. Askari wa usiku akatutokea na rungu.

"Simama! Mnaenda wapi na farasi saa hizi?"

"Tunatafuta choo."

"Kwani nyumbani huna choo?"

"Si changu. Chake."

Alinyamaza. Nadhani alitaka kunikamata akashindwa aandike kosa gani. Mama watoto akamweleza habari yote ya magunzi na mafuta. Askari akavua kofia akamgusa Gavana shingo, akasema pole mzee. Halafu akaungana nasi. Tukaongeza mtu wa saluni aliyekuwa anarudi, na kijana wa bodaboda akatumulikia kwa taa. Tukazunguka mtaa hivyo, maandamano, bila bango. Kila Gavana akiinua mkia kidogo tunasimama wote, tunashika pumzi. Upepo tu. Tunaendelea.

Kulikuwa kunakaribia kucha, tuko mbele ya geti la mwenyekiti wa nyumba kumi, mkia ukainuka. Ukakaa juu. Na yakaanguka, jirani, ya kutosha. Mama watoto akapiga kigelegele. Bodaboda akapiga honi. Mwenyekiti akafungua dirisha aone msiba ni wa nani. Mzee akapigiwa simu, na kwa simu akasema, "Asante Mungu," sauti imekatika, mtu ambaye siku yangu ya harusi alitazama saa. Mama watoto alikuwa analia. Alikumbatia shingo, alikumbatia kweli, nikafungua mikono nikidhani zamu yangu inafuata. Nikapewa mfuko wa plastiki nizoe, kwa sababu ni geti la mwenyekiti.

Mimi nilipolazwa na malaria mama watoto alinitumia meseji. Iliandikwa, "Umekula?" Ndiyo hiyo, yote.

Bili ya daktari ikanipa wazo la biashara. Hawa wanyama nao wafanye kazi. Kuna bwana harusi mmoja hapa chini alitaka kuingia kwenye sherehe juu ya farasi, ati ameona kwenye simu. Tukapatana bei. Tukamsugua Gavana mpaka akang'aa, tukamfunga tandiko, binti yetu akamsuka shingoni. Binti yetu ndiye anayejua kumpanda, lakini siku hiyo ana mtihani, kwa hivyo kamba nikaishika mimi. Bwana harusi akapandishwa na watu wanne, jitu zima, suti nyeupe. Tukaanza vizuri. Gavana kwanza akala maua yote yaliyokuwa kwenye boneti ya gari la maharusi, polepole, kwa heshima. Ndugu wa bibi harusi wakaanza kupiga picha kwa hasira. Nikasema hayo ni madogo.

Halafu wakapiga vigelegele. Na vuvuzela. Na umati ukasimama pande zote mbili za njia, unashangilia.

Sasa wewe jiweke mahali pa Gavana. Umekimbia mbio miaka. Umetulia kwenye nusu eka unakula. Ghafla watu wamepanga mistari kushoto na kulia wanapiga kelele, na juu ya mgongo kuna mtu. Alifikiria nini? Aliondoka. Kamba ilinivuta hatua chache, hatua zangu za mwisho nikiwa wima. Waliosimama wanasema walipita hema la wazee, wakapita hema la wapishi, wakapita pale bibi harusi alipokuwa amesimama amenyoosha mkono. Bwana harusi alishuka salama, wacha mtu asikudanganye, Gavana alisimama mwenyewe alipoona shamba la nyasi mbichi. Lakini pesa yetu ikakatwa. Maua wakakata. Dobi wa suti wakakata. Tulichobaki nacho kilitosha beli moja, na kuibeba nikabeba mimi. Kwenye albamu ya harusi niko ukurasa wa pili, tope mpaka masikioni, na chini wameandika "Wageni wakifurahia."

Mzee aliangalia video ile kwa simu ya jirani, akairudisha nyuma, akaiangalia tena. Nikangoja aniulize kama niliumia.

"Umeona alivyoanza?" akasema. "Bado yuko sawa kabisa."

Sasa tatizo nililobaki nalo ni mavi. Farasi mmoja anatoa kilo ishirini au zaidi kila siku ya Mungu, nao ni wawili, sikukuu hawapumziki. Nyuma ya nyumba nina kilima. Watoto wanakipanda. Mbichi usitumie, itakuunguzia miche na utarudi kunilaumu. Lakini iliyokaa miezi, nyeusi, haina harufu, hiyo ni samadi safi, sukuma itakuota mpaka utamsahau mama mboga. Siuzi. Nimekwambia siuzi, jirani, beba tu, uniokoe. Njoo na gunia lako na mtu wa kulibeba, maana mgongo wangu umeshaajiriwa. Na uje mapema. Saa kumi na moja na nusu jioni tunafunga kila mlango kwa sababu ya usubi, na ukibisha hodi baada ya hapo mzee hafungui.